Soni, Mate na Vidole Viwili: Mwili Ulivyosema Thika na Ruiru

Mwanamke wa Kikuyu aliyekulia kwenye matuta ya juu ya Ruiru zamani hizo hakuwa na haja ya kueleza alikotoka. Paji lake la uso lilikwisha kueleza. Chini kidogo ya nywele palikuwa na bonde jembamba, laini kama mfereji wa maji ya mvua, lililochimbwa na mukwa, yaani ukanda wa ngozi ambao wanawake walibebea kuni, maji na viazi tangu wakiwa wasichana. Mzigo ulikaa mgongoni, ukanda ukapita juu ya paji, na mbebaji akaenda ameinama, macho njiani, mikono miwili imeshika ukanda karibu na masikio. Mkamba wa upande wa mashariki alibeba vivyo hivyo. Kisha viwanda vya Thika vikavuta watu kutoka Nyanza na Magharibi, na katika soko la Makongeni wakaonekana wanawake wa mwendo mwingine kabisa: shingo wima, beseni kichwani, macho mbele, mikono inaning'inia.

Mpita njia asiyejua angemwona wa kwanza akasema ni mnyonge, akamwona wa pili akasema ana maringo. Angekosea kote kuwili, kwa maana kila mmoja alikuwa anabeba tu alivyofundishwa na mama yake. Mwaka 1934 Mfaransa Marcel Mauss alitoa mhadhara mjini Paris akieleza kwamba kutembea, kuogelea, kuketi, hata kulala, ni mambo ambayo kila jamii huwafundisha watoto wake kama inavyowafundisha lugha. Wanawake wa soko la Thika walikuwa ushahidi wake, tena ushahidi unaotembea.

Thika ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu toka mwanzo palikuwa ukingo. Kabla ya reli, eneo kati ya Ruiru na mto Chania lilikuwa mwisho wa matuta ya Wakikuyu. Kusini na mashariki ilitanda nyika ya malisho ya Wamaasai, na ng'ambo yake vikaanza vilima vya Wakamba. Hata jina lenyewe la Thika husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaolitoa katika neno la Kikuyu la kuzika, wakikumbuka mapigano yaliyoacha maiti wengi, na wapo wanaolitoa katika Kimaasai.

Katika ukingo kama huo, mtu hukutana na asiyemwelewa hata neno moja, na mwili ndio unaotangulia kusema. Mwanahistoria Godfrey Muriuki, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Wakikuyu, ameeleza jinsi biashara kati yao na Wamaasai ilivyoendelea hata wakati wa vita, na waliovuka mpaka na mizigo ya vyakula walikuwa wanawake. Mwanamke mwenye mzigo mgongoni alisomeka kuwa hana vita. Mwanamume mwenye mkuki hakusomeka hivyo. Kwa Wamaasai, aliyeshika kishungi cha nyasi mbichi mkononi alikuwa ametangaza amani, kwa kuwa nyasi ni chakula cha ng'ombe na ng'ombe ndio uhai.

Mate nayo yalikuwa na kauli yake. Mskoti Joseph Thomson alipopita nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alistaajabu kuona watu wanamtemea mate na kumwomba naye awatemee. Baadaye akaelewa kwamba hiyo ndiyo heri kubwa kuliko zote. Wazee wa Kikuyu nao hubariki kwa kutema mate kidogo, au kwa kupuliza pombe ya asali ikamnyunyizia anayebarikiwa, na jambo hilo bado huonekana katika harusi na katika sherehe za kumtawaza kiongozi. Mtu wa Lamu au Mombasa, ambaye kwake kutemewa mate ni tusi la kupigania, akihudhuria baraka ya aina hiyo Gatundu atahitaji mtu wa kumnong'oneza.

Salamu ndiyo iliyokuwa darasa la kwanza la mtoto. Wa Kiambu alifundishwa kumpa mkubwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika ule wa kulia karibu na kiwiko, kichwa kimeinama kidogo. Mtoto wa Kimaasai hakutoa mkono. Aliinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini. Wote wawili walifanana katika jambo moja: hawakumkazia mkubwa macho. Kumkodolea macho mzee wa rika la baba kulikuwa sawa na kumjibu.

Hata kimo cha mtoto kilikuwa na adabu yake. Wazee wengi wa eneo hili hawakubali kulaza kiganja hewani kuonyesha mtoto amefika wapi. Hivyo huonyeshwa mbuzi au ndama. Mtoto huonyeshwa kwa kiganja kilichosimama au kilichotazama juu, kisije kikamkandamiza asikue. Ni hofu ileile iliyowafanya Wakikuyu wasipende kuhesabu watu, na ndiyo sababu koo zao huitwa tisa kamili ingawa ni kumi.

Lakini neno linalofungua mlango wa yote haya ni moja. Kikuyu husema *thoni*, Kikamba *nthoni*, na Mswahili wa pwani husema soni. Ni neno moja lililosafiri, lenye maana ya haya, aibu, staha. Katika Kikuyu, kutokana na thoni hupatikana *muthoni*, yaani mkwe, na ukwe wenyewe huitwa *uthoni*. Lugha yenyewe inatangaza kwamba mkwe ni mtu wa kuonewa soni. Msweden Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912, alieleza jinsi mwanamume alivyomkwepa mama mkwe wake, akaiacha njia na kujificha kichakani ili wasikutane uso kwa uso. Kwa mgeni hiyo ni chuki au woga. Kwa Mkamba ilikuwa heshima iliyokamilika: mwili mzima uliondoka njiani ili mtu mmoja apite akiwa na utukufu wake.

Kwa hiyo macho yaliyoinamishwa hayakuwa unyonge. Yalikuwa soni, na soni ilikuwa sifa.

Mwaka 1908 hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa karibu na maporomoko ya mito Chania na Thika, na mwaka 1913 reli ikafika kutoka Nairobi. Ardhi ikagawiwa walowezi wa mkonge na kahawa. Miongoni mwao walikuwa wazazi wa Elspeth Huxley, ambaye mwaka 1959 alichapisha *The Flame Trees of Thika*, kitabu cha kumbukumbu za utoto wake kilicholijulisha jina la mji huo duniani. Walowezi walikuja na adabu yao ya mwili. Katika malezi ya Kiingereza, mtu mkweli humtazama mwenzake usoni, na anayekwepa macho ana jambo analolificha. Basi mfanyakazi alipoitwa mbele ya meza ya bwana, akasimama kama alivyolelewa, macho chini, mikono imetulia, mara nyingi alionekana ni mwongo au mkaidi hata kabla hajafungua kinywa. Heshima ya upande mmoja ilipofika upande wa pili ikawa hatia.

Kuita nako kulikuwa na mtego. Mwafrika wa eneo hili humwita mtu kwa kiganja kilichotazama chini, vidole vinne vikikunjwa pamoja. Kidole kimoja kilichoelekezwa juu na kukunjwakunjwa ni cha kumwita mbwa. Bwana shamba alikitumia kutwa, labda bila kujua. Walioitwa walijua.

Mambo ya mwili yalifika hadi kwenye viboko. Machi 1907, mlowezi Ewart Grogan na wenzake waliwachapa hadharani vijana watatu wa Kikuyu, wavuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu kwa namna walivyolitikisa rikisho. Hakuna neno la matusi lililohitajika. Mtikisiko wa mikono ulitosha kuhesabiwa tusi, na waliotafsiri ndio walioshika kiboko. Katika koloni lote Mwafrika alitarajiwa kuvua kofia mbele ya Mzungu na kumpisha njiani. Mwili ulitakiwa kukiri utawala kila siku, asubuhi na jioni.

Ruiru ndiko utawala huu wa mwili ulikowaelemea zaidi wanawake, kwa sababu ya kahawa. Kuchuma kahawa ni kazi ya vidole: huchaguliwa tunda jekundu na kuachwa la kijani, tawi kwa tawi, mgongo ukiwa umepinda, mpaka debe lijae na lipelekwe kwa nyapara alihesabu. Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka wa kazi uliowataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi mashambani, na pale mashamba yalipokuwa karibu na vijiji, hata wanawake na watoto wakaingizwa. Kuhimizwa huko vijijini kulimaanisha kushikwa mkono na askari wa chifu.

Mwanaharakati Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, si mbali na Ruiru, alilipigia kelele suala hilo la wasichana na wanawake kulazimishwa mashambani, pamoja na kodi na kipande. Wanawake walimpenda kwa hilo, wakamwita chifu wao. Usiku wa Machi 14, 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Ujumbe wa wanaume ulikwenda kuzungumza na serikali, ukarudi na kuwaambia watu watawanyike, Thuku hataachiliwa siku hiyo. Wanaume wakaanza kuondoka.

Hapo akasimama Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke kutoka Weithaga, Murang'a. Aliinua gauni lake mpaka juu ya mabega, akawapigia wanaume kelele wachukue gauni hilo na wampe yeye suruali zao, kwa kuwa wameogopa. Wanawake wengine wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele kuelekea mitutu ya bunduki, na polisi wakafyatua risasi. Wazungu waliokuwa kwenye baraza la hoteli ya Norfolk nao inasemekana walipiga. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21, na wapo waliohesabu zaidi sana.

Alichokifanya kina jina. Wakikuyu hukiita *guturama*: mwanamke mzima kumwonyesha mkosaji uchi wake kwa makusudi. Halikuwa jambo la wazimu wala la hasira iliyopasuka ovyo. Ilikuwa silaha ya mwisho, nzito kuliko tusi lolote la mdomo, kwa sababu mwanamke huyo ni mfano wa mama na mwanamume anayelazimishwa kumtazama amelazimishwa kutazama alikotoka. Mwanamume hakuwa na silaha ya kulingana nayo. Akijivua nguo yeye, haikuwa laana, ilikuwa aibu yake mwenyewe. Askari waliokuwa na bunduki siku hiyo, hasa maofisa wao, huenda waliona mwanamke aliyekosa adabu tu. Wanaume wa Kikuyu waliokuwepo walisikia hukumu.

Na jina lake lilikuwa Muthoni, lililotokana na soni. Mtu aliyebeba soni katika jina lake ndiye aliyeivua soni hadharani, kwa sababu wengine walikuwa wameipoteza.

Mwandishi wa makala haya haamini kwamba ni bahati tu kwamba ishara hii imejirudia Afrika. Mwaka 1929 wanawake wa Aba na maeneo jirani, kusini mashariki mwa Nigeria, walipopigana na kodi ya wakoloni, waliitumia miili yao vivyo hivyo kuwaaibisha machifu. Machi 3, 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai katika bustani ya Uhuru Park, walivua nguo polisi walipowavamia, na baadhi ya askari wakageuza nyuso. Aprili 2015 wanawake wazee wa Apaa, wilaya ya Amuru kaskazini mwa Uganda, walivua nguo mbele ya mawaziri wawili waliokwenda kuweka mipaka ya ardhi. Miaka 93 inatenganisha Nairobi ya Nyanjiru na Apaa, na bado ishara ni ileile.

Uchi huohuo hugeuka maana kabisa anayevua akiwa mwingine. Novemba 2014, video zilienea za wanaume wakiwavua wanawake nguo kwa nguvu kwenye steji za matatu jijini Nairobi, kwa madai kwamba wamevaa vibaya. Novemba 17 wanawake waliandamana barabarani wakidai kwamba nguo yao ni hiari yao. Desemba mwaka huohuo Bunge likaingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu kinachomtia jela kwa muda usiopungua miaka 10 anayemvua mwingine nguo kwa nguvu. Waliofanya unyama ule walidai wanalinda mila. Mila waliyoitaja ilimpa mwanamke peke yake mamlaka juu ya uchi wake, na iliwafundisha wanaume kuuogopa.

Tukirudi nyuma, miaka ya Dharura, wakati wa vita vya Mau Mau, ilileta ishara ndogo kuliko zote na ya kutisha kuliko zote. Aprili 24, 1954 Waingereza walianza Operesheni Anvil jijini Nairobi, na misako ya aina hiyo ikafanyika kote Kiambu. Watu walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita *gakunia*, yaani kigunia. Hakusema neno. Alitikisa kichwa tu. Akikitikisa kwa kukubali, aliyesimama mbele yake alipakiwa kwenye lori na kupelekwa kizuizini, pengine kwa miaka. Wanawake kwa maelfu walifungwa Kamiti, upande wa Ruiru, gereza ambalo pia Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongewa Februari 18, 1957. Watu waliopita mbele ya kigunia wakiwa watoto bado wapo, na huenda baadhi yao hawapendi mpaka leo kujibiwa kwa kutikisiwa kichwa. Wangekuambia: sema kwa mdomo.

Baada ya uhuru vidole vikaingia kwenye siasa. Kidole kimoja kilichoinuliwa kilikuwa saluti ya KANU, chama kimoja. Katika mwaka 1990 vikaanza kuonekana viwili, alama ya vyama vingi, na ikawa hatari. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini siku tatu kabla ya mkutano wa Saba Saba wa kudai vyama vingi, Julai 7. Ghasia zilipozuka Nairobi zikasambaa hadi Thika na miji mingine ya Mlima Kenya, na madereva wa matatu wakapita barabarani wakionyesha vidole viwili dirishani. Kidole kimoja cha nyongeza kilitosha kumtofautisha mtiifu na mpinzani. Na Machi 9, 2018, Rais Uhuru Kenyatta, ambaye nyumbani kwao ni Gatundu, na mpinzani wake Raila Odinga walipatana, wakapeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Wakenya hawakuupa mkataba ule jina la mkataba. Waliuita handisheki, na mpaka leo kipindi chote kilichofuata kinajulikana kwa jina la tendo la mikono miwili. Miaka miwili baadaye korona ikaja, mkono ukapigwa marufuku, na salamu ya vijana ya kugonganisha ngumi, gota, ikahamia hadi kwa maaskofu.

Thika ya viwanda iliwakutanisha watu ambao babu zao hawakuwahi kusalimiana. Kiwanda cha kusindika mananasi, viwanda vya nguo, kiwanda cha dondoo la magome ya miwati kilichoanzishwa na wafanyabiashara wa Kihindi wa jamii ya Oshwal: humo Mkikuyu, Mluo, Mluhya, Mkamba na Mgujarati walifanya kazi chini ya paa moja. Kelele za mashine zilizima sauti, mikono ikachukua zamu. Mteja mgeni katika duka la Mhindi aliuliza kama bei inapunguzwa, akaona kichwa kinayumba kulia na kushoto, akaondoka akidhani amekataliwa. Wazoefu walijua kwamba kuyumba kule mara nyingi ni kukubali, au angalau ni kusema tuendelee kuzungumza. Msichana wa Kiganda aliyeolewa Thika alipiga magoti kumwamkia baba mkwe, na majirani wa Kikuyu, ambao mwanamke wao hapigi magoti kwa mwanamume, wakashangaa amefanya kosa gani. Mganda huyohuyo akiulizwa kitu aliinua nyusi tu, maana yake ndiyo, na aliyeuliza akabaki akingoja jibu.

Hata hivyo, walielewana upesi kuliko lugha zao zilivyoruhusu. Mwaka 1977 mwanaisimu Chet Creider alichapisha utafiti wa ishara za mikono na uso katika jamii nne za Kenya, yaani Wakipsigis, Waluo, Wagusii na Wasamburu. Lugha zao ziko mbalimbali, na Kigusii ni cha Kibantu wakati zile nyingine si za Kibantu, lakini aliona kwamba sehemu kubwa ya ishara zao ni za pamoja. Masoko, ndoa na mipaka vilikuwa vimekwisha kuwafundisha. Na New York, David Efron alionyesha mwaka 1941 kwamba wazao wa wahamiaji wa Kiitalia na Kiyahudi waliacha mikono ya wazee wao na kuchukua ya mji. Makongeni ni hivyohivyo: kijana aliyezaliwa hapo na wazazi kutoka Siaya huita kwa kiganja chake, huomba nauli yake na hutania kwa nyusi kama jirani yake kutoka Gatanga.

Barabara ndiyo iliyowaunganisha zaidi. Kwenye njia ya matatu 237 ya Thika na 145 ya Ruiru, makanga huning'inia mlangoni na kusema na watu mita mia mbele. Vidole vyake ni nauli, au ni viti vilivyobaki. Kofi kwenye bodi ni kusimama au kuondoka, na dereva huyatofautisha kwa mgongo bila kugeuka. Taa zikiwashwa na kuzimwa na gari linalokuja, askari wako mbele. Lugha hii ilizaliwa mikononi mwa wanaume, na kwa muda mrefu mkono wa makanga ulimshika abiria wa kike kiwiko au kiuno kumvutia garini, jambo ambalo hakumfanyia mwanamume mwenye kifua kipana. Aliliita kazi. Waliovutwa waliliita kwa jina lingine.

Na kuna mahali pamoja Thika panapoweka swali hili lote mezani. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha hapo shule ya wasioona, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki, na mwaka 1967 ikazaa shule ya upili. Aliyezaliwa haoni hajawahi kuuona mkono wa mtu ukipunga. Je, mikono yake hunyamaza? Mwaka 1998 watafiti wa Marekani Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walichapisha jibu katika jarida la *Nature*: watoto na vijana wasioona tangu kuzaliwa hupunga mikono wanapoeleza jambo sawa na wanaoona, hata wakizungumza na msikilizaji ambaye naye haoni. Mwaka 2008 Jessica Tracy na David Matsumoto walilinganisha picha za wacheza judo wa Athens 2004, wanaoona na wasioona. Washindi wasioona tangu kuzaliwa nao waliinua mikono na kutanua kifua. Kumbe ipo sehemu ya lugha hii ambayo mtu huzaliwa nayo. Furaha huinua kifua cha Mjapani na cha Mkenya. Lakini nani apigiwe magoti, nani atazamwe machoni, na uchi wa nani ni laana, hayo hufundishwa, na yanayofundishwa yanaweza kusahauliwa.

Na mengi yanasahauliwa, hasa ya wanawake. Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, aliandika kazi kubwa kuliko zote kuhusu mila za Wakikuyu wa Kiambu, juzuu tatu zilizochapishwa mwaka 1977, baada ya kifo chake. Washauri wake wakuu walikuwa wazee wa kiume. Hata ujasiri wa Nyanjiru umetufikia kwa sehemu kubwa kupitia simulizi la mwanamume aliyekuwepo, Job Muchuchu. Ishara ambazo wanawake walipeana wenyewe kwa wenyewe, kwenye foleni ya debe la kahawa, kisimani, nyuma ya mgongo wa nyapara, hazikuandikwa na mtu.

Mwenye shosho aliye hai Ruiru, Gatanga au Kiandutu, amwombe aonyeshe. Asimuulize tu alisema nini enzi zile. Amuulize mikono yake ilikaa wapi, alimtazama nani na ni nani hakumtazama, kisha amrekodi kwa simu, na asimkatize.